NENO JUU YA MBAO: KIBAO CHA NYUMBA KINACHOSEMA KWELI



Muingie katika nyumba za mitaa yetu, tangu Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, na muangalie kuta za chumba cha wageni. Mutaona kalenda, picha ya arusi, pengine diploma ambayo baba alipewa kwa miaka mingi ya kazi. Na katika nyumba nyingi mutaona kibao: kipande cha mbao kimepakwa rangi, na juu yake neno moja ao mawili. Kimoja kinasema KARIBUNI. Kingine kinasema NYUMBA YA AMANI. Kingine kina mstari wa Biblia ao jina la jamaa.

Kibao kama hiki si kitu cha watu wa mali tu. Mbao inaweza kutoka katika sanduku lililovunjika, rangi inaweza kutoka katika udongo wa nyuma ya nyumba, na kazi yenyewe inaweza kuisha kwa siku mbili ao tatu za likizo. Ndiyo maana tumetaka kuandika juu yake mwezi huu. Tutaonyesha namna ya kuchagua mbao isiyo na hatari, namna ya kupima herufi zisipotoke, na namna ya kupaka rangi. Lakini mbele ya hayo yote tutasema juu ya neno lenyewe. Mbao iliyopotoka inaweza kunyoshwa, lakini neno la uongo juu ya ukuta linapotosha watoto.

UKUMBUSHO NI DESTURI YA KWETU

Watu wengine wanafikiri kama kutundika mbao yenye maneno nyumbani ni tabia ya Wazungu. Si hivyo. Katika inchi ya Waluba wazee walikuwa na kitu kinachoitwa lukasa. Ni mbao ndogo ya kushika mkononi, imepangwa shanga na simbi, ao imechongwa alama. Watu wa chama cha Mbudye waliojifunza kazi hiyo walipitisha kidole juu ya shanga na kusimulia habari za wafalme wao na za inchi yao. Herufi hazikuwapo, lakini mbao ilisema.

Kisha miji ya migodi ilileta namna nyingine. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelye ya wachoraji pale Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Humo walitoka watu kama Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela, ambaye alipaka rangi kwa vidole vyake, bila burushi. Kazi zao nyingi zilinunuliwa na wageni zikaenda mbali. Lakini miaka iliyofuata, zaidi sana miaka ya 1970, wachoraji wengine walifanya kazi kwa ajili ya watu wa kambi na wa mitaa. Walichora kijiji cha zamani, mamba muntu, ao wafungwa wa wakati wa Wabelgiji. Mara nyingi walichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, na bei yao mfanyakazi aliweza kuilipa. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora picha karibu mia moja za historia ya inchi yetu katika miaka ya 1973 na 1974. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi wakati ule, alizitoa katika kitabu mwaka 1996.

Picha za namna hiyo watu waliziita kwa neno moja: ukumbusho. Mgeni anaketi, anaangalia ukuta, anauliza: "Hii ni nini?" Baba anaanza kueleza, na watoto wanasikia. Picha haikutundikwa kwa ajili ya uzuri tu. Ilitundikwa ili ifungue kinywa.

Kibao chetu njo ukumbusho mdogo. Na msomaji wa Biblia atakumbuka kama Musa naye, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, aliagiza wazazi waandike maagizo ya Mungu kwenye milango yao. Lakini muangalie utaratibu wa sura ile. Kwanza maneno yakae moyoni. Kisha wazazi wayazungumze na watoto, nyumbani na njiani. Mwisho ndipo yaandikwe mlangoni. Mlango unakuja nyuma ya moyo na nyuma ya kinywa.

NENO GANI TUANDIKE?

Hapa ndipo jamaa nyingi wanakwenda mbio. Wanaona neno zuri kwa jirani, nao wanaliandika.

Katika jamaa moja ya Likasi baba alileta mbao mbili nzuri, akawaambia watoto wake kama wataandika NYUMBA YA AMANI. Mtoto wa kwanza, kijana wa miaka kumi na tano, alishika kalamu lakini hakuandika.

– Papa, hii neno ni bongo, alisema polepole.

– Bongo namna gani?

– Huku kwetu amani haiko. Mangaribi yote ni makelele. Bageni bakisoma, batatucheka.

Mama alinyamaza. Baba alikasirika, akatoka kwenda kuketi inje chini ya mwembe. Lupango yote ilijua sababu ya makelele yale: mshahara ambao haukufika, na pombe ambayo ilifika mbele yake. Aliporudi aliuliza tu:

– Basi, mwanangu, tuandike nini?

– Tuandike ile tunaweza kufanya, Papa.

Walizungumza mpaka usiku. Mama ndiye aliyeleta neno, naye hakulitafuta mbali: HAPA TUNAOMBANA MUSAMAHA. Waliliandika kwa rangi nyeupe juu ya mbao nyeusi. Makelele hayakuisha siku ile, tusidanganyane. Lakini mtoto wa mwisho, ambaye hajajua kusoma vizuri, akisikia sauti zinapanda, anakwenda kusimama chini ya kibao na kunyosha kidole juu. Baba mwenyewe anasema ni vigumu kuendelea na makelele mbele ya kidole kile.

Basi, mbele ya kushika burushi, jamaa iketi pamoja na kujiuliza maneno matatu.

Neno hili ni kweli, ao ni ahadi ambayo tunataka kushika? Hatukusema kama nyumba isiyo na amani haiwezi kuandika "amani". Inaweza, ikiwa watu wote wanajua kama ni ahadi, na wanakubali kukumbushwa. Jamaa wengi wanapenda mstari wa Yoshua 24:15. Ni vizuri, lakini wakumbuke kama ule ni mfano wa kiapo. Yoshua alilisema neno lake wazi mbele ya makabila yote. Mwenye kulitundika anawapa jirani na watoto ruhusa ya kumuuliza.

Watu wote wa nyumba wanalielewa? Kifaransa kinapendeza machoni, lakini kama bibi haelewi, kibao kimemuacha inje ya mazungumzo. Muandike Kiswahili, ao Kiluba, Kibemba, Kisanga, Kichokwe, ile luga ambayo nyumba yenu inalia na kucheka nayo.

Neno hili linajenga, ao linapiga vita? Tumeona vibao vingine vinavyotisha maadui na kumsema jirani bila kutaja jina lake. Kibao cha namna hiyo kinafundisha watoto kama inje ya mlango wetu kuna maadui tu. Afazali ukuta mtupu.

Na neno liwe fupi. Maneno matatu ao mane yanatosha. Kibao si mahubiri.

MBAO ITOKE WAPI?

Uzuri wa kibao cha namna hii ni kwamba mbao haihitaji kuwa mpya. Tundu la msumari wa zamani, alama ya msumeno, upande uliopasuka kidogo, hayo yote ni uzuri wake. Kwa hiyo musikate mti, na musinunue mbao ya bei kali. Misitu ya miombo inaisha kwa makala. Na mti wa mukula, wenye rangi nyekundu, ulikatwa sana katika Haut-Katanga miaka ya 2010 na kupelekwa ng'ambo, mpaka mwaka 2019 mataifa waliuweka katika orodha ya miti ambayo biashara yake inaangaliwa. Kipande kilichobaki kwa seremala, ubao wa mlango wa zamani ao sanduku la matunda vinafaa sana.

Watu wa kwetu wanatumia zaidi mbao za paleti, zile vitanda vya mbao vinavyobeba mizigo ya migodi na ya maduka. Ni mbao nyepesi, na zinapatikana. Lakini hapa tunaomba wazazi na vijana wasome polepole, kwa sababu ni jambo la afya.

Tangu mwaka 2002 kuna kanuni ya mataifa juu ya mbao za mizigo zinazovuka mipaka, ili wadudu wasihamie inchi nyingine. Paleti iliyofuata kanuni hiyo inapigwa muhuri wenye herufi IPPC na alama kama ya suke la ngano. Pembeni mutafute herufi mbili. HT maana yake mbao ilipashwa moto tu, hiyo inafaa. MB maana yake ilifukizwa kwa dawa ya bromuri ya metili, ambayo ni sumu. Hiyo muiache, na musiichome katika mbabula ya kupikia.

Tena, muhuri unasema tu namna mbao ilivyotengenezwa. Hausemi paleti ilibeba nini. Katika miji yetu paleti nyingi zimebeba mifuko na mapipa ya dawa za kusafishia madini. Kama mbao ina doa, unga wa rangi usiojulikana, ao harufu kali, muiache hata kama ina HT. Masanduku ya baruti pia muyaache. Na mti mweusi wenye harufu kama lami, wa nguzo za zamani, hauingizwi nyumbani hata kidogo.

Jambo la mwisho ni mbao yenye rangi ya zamani. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa plombi, na plombi inadhuru akili ya mtoto. Mukisugua rangi ile, vumbi lake linaingia kinywani na puani. Kwa hiyo musisugue rangi ya zamani ambayo hamujui asili yake. Mutafute mbao nyingine.

VYOMBO NA RANGI

Hamuhitaji vyombo vingi: msumeno, nyundo, misumari midogo, msasa wa namna mbili (ule mkali na ule laini), kalamu ya risasi, kipimo cha mistari, burushi moja ya upana wa vidole viwili na nyingine nyembamba ya herufi. Kama burushi nyembamba haiko, kijiti kilichotafunwa upande mmoja mpaka kikawa na nyuzi kinaweza kusaidia.

Kwa rangi, kopo dogo la rangi ya maji nyeupe na jingine la rangi nzito linatosha kwa vibao vingi. Rangi ya mafuta inashika zaidi kwa kibao cha inje, lakini inakawia kukauka na harufu yake ni mbaya kwa watoto. Muitumie mahali pa wazi.

Na asiye na franga za rangi? Mama zetu wamepaka nyumba kwa udongo tangu zamani. Pemba inatoa nyeupe, udongo mwekundu unatoa nyekundu, makala iliyotwangwa inatoa nyeusi. Mutwange, muchekeche kwa kitambaa, na mukausha. Kisha mupike uji mwepesi wa unga wa muhogo: kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vinne vya maji, mukikoroga mpaka unavuta kama kole. Ukipoa, muchanganye na unga wa udongo mpaka uwe kama maziwa ya kuganda. Rangi hii ni ya ndani ya nyumba tu, kwa sababu maji yanaiosha. Muitumie siku ileile ao kesho yake, kwa maana uji unaoza.

Lakini, vijana, tusikieni vizuri: musitwange mawe ya mgodi kwa kutafuta rangi. Lile jiwe la kijani kibichi linapendeza, na lile jeusi la kobalti vilevile. Vumbi lake si la kuingiza katika mapafu, na katika mawe ya inchi yetu madini mengine mabaya yanaweza kukaa pamoja nayo. Kijani mutaipata katika kopo.

KAZI YENYEWE

Tuchukue ile mbao ya jamaa ya Likasi kama mfano: urefu sentimetre 60, upana sentimetre 20, maneno mawili juu na moja chini.

1. Kuunga. Mbao za paleti mara nyingi zina upana wa sentimetre 10 hivi. Mukate mbao mbili za urefu sawa, muzipange bega kwa bega, na nyuma yake mupigilie vijiti viwili vya kuvuka, kimoja kila upande. Mukitia kole ya seremala kati yao, itakuwa vizuri zaidi. Misumari iwe mifupi, isitokee mbele.

2. Kukausha na kusugua. Mbao yenye maji inapinda na kutapika rangi. Wakati wa kiangazi, siku chache za jua zinatosha. Wakati wa mvua, muiweke ndani, mahali penye hewa, juma moja ao mawili. Kisha musugue kwa msasa mkali, halafu ule laini, kwa kufuata mishipa ya mbao, si kwa kuikata. Mufunge kitambaa puani. Musiondoe alama zote. Muondoe tu miiba inayochoma mkono.

3. Rangi ya chini. Mupake mkono wa kwanza mwepesi, muache ukauke kabisa, kisha wa pili. Rangi ya maji inakauka kwa saa moja ao mbili. Ya mafuta muipe usiku mzima. Mukitaka mbao ionekane ya kizee, nyuma ya kukauka musugue kidogo pembe na kingo kwa msasa laini, mpaka mbao yenyewe ichungulie.

Kuna namna nyingine bila rangi: kuchoma uso wa mbao kidogo juu ya makala ya mbabula mpaka uwe mweusi, kisha kuupangusa kwa kitambaa chenye maji. Mishipa ya mbao inatokea vizuri sana. Mufanye hivyo inje, mukiwa na ndoo ya maji karibu, na kwa mbao safi tu, isiyo na rangi wala dawa.

4. Kupima herufi. Hapa ndipo vibao vingi vinaharibika: mtu anaanza kwa herufi kubwa upande wa kushoto, na herufi za mwisho zinabanana kama watu katika taksi. Dawa yake ni hesabu. Muhesabu herufi pamoja na nafasi. HAPA TUNAOMBANA ni herufi 14 na nafasi moja, jumla 15. Kama kila moja inapewa sentimetre 3, mstari utakuwa na sentimetre 45. Mbao ina 60. Inabaki 15, basi muache 7 na nusu kila upande. MUSAMAHA ni herufi 8, yaani sentimetre 24. Inabaki 36, muache 18 kila upande.

Kwa urefu wa herufi: sentimetre 5 kwa mstari wa juu, 5 kwa mstari wa chini, 3 kati yao, na 3 na nusu zinabaki juu na chini. Jumla ni 20. Na ile nafasi ya katikati inaangukia pale mbao mbili zinapoungana, kwa hiyo hakuna herufi itakayokatwa na ufa.

Herufi I inahitaji nafasi ndogo, M inahitaji kubwa. Kwa hiyo muanze katikati. Katika mstari wa juu, nafasi ya nane ni N ya TUNAOMBANA: muiweke katikati ya mbao, kisha muende kulia na kushoto. Katika MUSAMAHA katikati ni kati ya A ya kwanza na M ya pili.

5. Kuhamisha. Muandike maneno kwanza juu ya karatasi yenye ukubwa wa mbao. Kosa la karatasi halina bei. Ikiwa sawa, mupake nyuma ya karatasi kwa makala ao kwa kalamu ya risasi, muilaze juu ya mbao, na mupitishe kalamu juu ya herufi kwa nguvu. Mukiinua karatasi, herufi zimekwisha kuhamia. Kama mbao ni nyeusi, mupake nyuma ya karatasi kwa pemba ao chaki.

6. Kuandika. Mutie rangi kidogo tu katika burushi. Mkono wa kuandika uegemee mkono mwingine, ili usitetemeke. Muvute mstari toka juu kwenda chini, pumzi imetulia. Mupake kando za herufi kwanza, kisha mujaze ndani. Rangi ikivuka, musiipanguse mara moja. Muiache ikauke, kisha muifunike kwa rangi ya chini. Mwenye mkono mzuri aandike, lakini kila mtu wa nyumba apake walau herufi moja, hata mdogo. Mtoto anaheshimu ukuta ambao ameufanyia kazi.

7. Kufunika. Kibao cha inje kinahitaji verni, mikono miwili, na nyuma yake pia pafunikwe, kwa sababu mvua na mchwa vinaanza nyuma. Kibao cha ndani kilichopakwa rangi ya kopo kinaweza kukaa bila verni.

MAHALI PA KUTUNDIKA

Mupigilie vijiti ao misumari miwili nyuma, mufunge waya kati yake, na mutundike. Kama ukuta ni wa matofali mabichi, msumari hautashika: mutoboe tundu, muingize kigingi cha mti mgumu, na mupigilie msumari ndani yake. Musitundike juu ya mbabula wala juu ya taa ya petroli, moshi utakula herufi.

Lakini swali kubwa ni hili: nani atasoma? Kama kibao ni cha kukaribisha wageni, kiwe mlangoni. Kama ni cha kukumbusha watu wa nyumba, kiwe pale mnapokula ao pale mnapogombana, na kisiwe juu sana. Macho ya mtoto wa miaka minane yako chini kuliko macho ya baba.

NYUMBA INAHAMA, NENO LINAFUATA

Katika inchi ya migodi, nyumba si kitu cha kutegemea sana. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilijenga kambi ili wafanyakazi wakae na wake na watoto wao, nyumba zenye kufanana, mstari kwa mstari. Baba akipoteza kazi, mara nyingi nyumba nayo ilikwenda. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala kwenye gare wakingojea treni, na kila mmoja alibeba kile alichoweza. Pale Kasulo, katika mji wa Kolwezi, kobalti ilionekana chini ya lupango mwaka 2014, na watu wakaanza kuchimba chini ya nyumba zao wenyewe, hata chini ya vyumba vya kulala. Mwaka 2017 jamaa wengi wa mtaa ule walihamishwa ili mahali pale pawe mgodi.

Kwa hiyo tusiwafundishe watoto kama nyumba ni ukuta. Ukuta unaweza kuchukuliwa, na hata udongo chini yake. Kibao kinatolewa kwenye msumari, kinafungwa katika kitenge, kinasafiri juu ya lori, na siku ya kwanza katika nyumba ya kupanga kinatundikwa tena. Mtoto akikiona, anajua kama amefika kwao. Nyumba ni nyingine, lakini neno ni lilelile, na watu waliopaka herufi zake ni walewale.

KWA VIJANA WANAOTAFUTA KAZI

Hatutaki kuwadanganya vijana kwa kusema kama vibao vitawatajirisha. Mwenye kuchimba anaweza kupata kwa siku moja ya bahati kile ambacho burushi haileti kwa juma. Lakini burushi haiangukii mtu usiku. Na kazi hii inaanza na kipande cha mbao kilichotupwa.

Muanze kwa arusi, kwa kuzaliwa kwa mtoto, kwa mlango wa shule na wa duka. Kwa bei, muhesabu rangi, msasa, misumari na saa za kazi, kisha muongeze kidogo. Asiyehesabu saa zake anafanya kazi ya bure. Muandike jina la mwenye kununua kwenye karatasi na mumuulize alisome mara mbili, kwa maana jina lililokosewa halilipwi. Na vijana wawili ao watatu washirikiane: mmoja anakata, mmoja anapaka, mwenye mkono mzuri anaandika. Mwenye kutaka kujifunza zaidi aende kwa fundi anayeandika majina ya maduka katika mtaa wake, amshikie kopo la rangi. Katika miji yetu watu wengi wa ufundi huu walijifunza namna hiyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Leo, bila kubadilisha kitu, neno gani la kweli lingeweza kuandikwa juu ya mlango wetu?

2. Neno gani tungependa liwe kweli mbele ya mwisho wa mwaka, na nani atatukumbusha?

3. Katika vitu vilivyo juu ya kuta zetu, ni kipi ambacho baba ao mama hajapata kuwaeleza watoto? Aeleze leo.

4. Kama tungehama kesho, ni kitu gani kimoja cha ukutani ambacho tungebeba, na kwa sababu gani?

Wazazi, musijibu wa kwanza. Muache mtoto aseme, hata kama neno lake linachoma kama lile la kijana wa Likasi. Kisha mutafute mbao.